Mbili tatu

Mikindani, Mtwara
16 Novemba

Ndugu yangu Chande,

Assalaam alaikum. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na mama watoto na wale mapacha. Huku kwetu hatujambo, isipokuwa kikohozi changu unachokijua, na msimu wa korosho umetukaba. Nashinda kwenye mizani tangu asubuhi, na jioni narudi nyumbani mikono inanuka magunia.

Nakuandikia kwa sababu ya lile neno ulilolisema kwenye simu. Ulisema tangu uhamie kliniki ya kifua hapo Lindi umechoshwa na wavutaji, na siku hizi mgonjwa akikutajia sigara tatu wewe unaandika sita, kwa kuwa wote ni waongo. Sikukujibu siku ile. Salio lilikuwa linaisha, lakini kubwa zaidi ni kwamba neno lile lilinichoma. Nimelala nalo siku kadhaa. Nakuomba, sahibu yangu, uache huko kuzidisha mara mbili, na nisikilize mimi niliye mmoja wa hao unaowasema.

Miaka miwili iliyopita nilikwenda kituo kimoja cha afya kwa ajili ya presha. Aliyenipokea aliniuliza huku anaandika, "Unavuta sigara?" Nikasema ndiyo. "Ngapi kwa siku?" Nikajibu kama ambavyo wewe ungejibu ukiulizwa umekula maembe mangapi: "Mbili tatu hivi." Akaandika 3.

Mbili tatu si hesabu, Chande. Wewe na mimi tumekua na maneno hayo. Mtu akisema anakuja na wageni mbili tatu unapika sufuria nzima. Kusema mbili tatu ni kusema "si nyingi sana, tuendelee na mengine." Lakini ile 3 ilikaa kwenye kadi yangu miaka miwili, na kila aliyeisoma aliniambia hizo ni chache, jitahidi tu kupunguza. Hakuna aliyekaa na mimi kuzungumza habari ya kuacha. Hata zingekuwa tatu kweli, si jambo la kupita nalo haraka: watafiti wa Uingereza walichapisha mwaka 2018 kwamba anayevuta sigara 1 tu kwa siku anabeba karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayoibeba mvutaji wa sigara 20. Moyo haugawanyi kwa 20 kama tunavyogawanya sisi.

Basi mwezi uliopita niliamua kujipima kama ninavyopima korosho za watu. Nilijaza korosho ghafi mfuko wa kulia wa suruali. Kila sigara inayogusa midomo yangu, korosho moja inahamia mfuko wa kushoto. Usiku nazihesabu na kuandika nyuma ya daftari. Siku saba zilikuwa hivi: 11, 13, 9, 14, 17, 8, 12. Jumla 84, yaani 12 kwa siku. Ile 17 ni siku ya mnada.

Nilikaa nikaiangalia hiyo 84 muda mrefu, nikijiuliza nimedanganya wapi. Nikafungua ukurasa ninaoandikia matumizi. Sigara nilizonunua kwa pesa yangu wiki ile, mojamoja pale dukani, zilikuwa 31. Hiyo ni nne na kidogo kwa siku. Zile 53 nyingine sikuzitolea hata shilingi. Dereva wa lori anatoa pakiti, inazunguka. Mpakiaji ananiachia nusu. Mimi nagongea pafu mbili za mwisho kwa mwenzangu tukisubiri feri ya Msangamkuu. Kichwani mwangu hizo hazikuwa sigara zangu, zilikuwa za watu. Nilipoulizwa ngapi, nilijibu kwa kukumbuka pesa, wala moshi sikuukumbuka.

Niseme pia ukweli wa upande wa pili. Korosho yangu haikujua tofauti ya sigara nzima na pafu mbili, kwa hiyo 84 yenyewe imezidi kidogo. Na siku zile mbili zilizoshuka, 9 na 8, naamini zilishuka kwa sababu kila nilipoingiza mkono mfukoni nilijiona. Kuhesabu kwenyewe kulinizuia.

Sasa chukua dawa yako ya kuzidisha. Mimi ungeniandika 6, na bado ungekuwa nusu ya ukweli. Yule kijana wa stendi anayenunua pakiti ya 20 kila asubuhi, akakwambia 20, ungemwandika 40, naye nusu ya pakiti anawagawia wenzake. Kosa letu halina kipimo kimoja hata ulirekebishe kwa kuzidisha. Mkulima akija na gunia analosema lina kilo 80 simkatii kilo kumi kwa kuwa jana mwingine alikosea. Naliweka kwenye mizani.

Mizani ya sigara ipo, nawe unaijua kuliko mimi. Binti yangu alinisaidia kusoma habari zake. Nikotini yenyewe, kile kitu cha tumbaku kinachomfunga mvutaji, hupungua nusu ndani ya saa mbili hivi, lakini mwili huigeuza kuwa kotinini, na hiyo hukaa siku kadhaa kwenye mate, damu na mkojo. Kuna pia mashine ya kupuliza inayopima kaboni monoksidi, gesi inayotoka kwenye moshi, ndani ya pumzi, ingawa hiyo hushuka ndani ya saa chache, na moshi wa mkaa nao huipandisha, kwa hiyo ningeona huruma mama lishe akihukumiwa nayo. Watafiti wa Marekani walikusanya mwaka 1994 tafiti nyingi zilizolinganisha maneno ya watu na vipimo vya namna hii. Kati ya watu 100 ambao kipimo kilionyesha wanavuta, kama 87 walikuwa wamekiri wenyewe kwa midomo yao. Themanini na saba, Chande. Hao si "wote ni waongo."

Wanaoficha wapo, sikatai, nao mara nyingi wamejificha kwenye aibu. Huko magharibi ya Scotland waliwapima wajawazito kwa damu, matokeo yakatoka mwaka 2009: waliosema wanavuta walikuwa asilimia 24, damu ikasema ni kama asilimia 30. Mama mjamzito anajua atatazamwa vipi. Kwetu huku mwanamke hata asiye mjamzito akionekana na fegi mtaani, habari inafika Mtwara Mjini kabla yake. Ukimuuliza mbele ya mumewe au mkwewe, unamuomba akudanganye.

Lakini angalia kwamba kuulizwa unavuta au huvuti ni jambo moja, na kuulizwa ngapi ni jingine. La kwanza wengi wetu tunalijibu sawasawa. La pili ndilo linaloharibika, hata kwa mtu mwenye nia njema. Huko wanakonunua kwa pakiti, majibu hurundikana kwenye 10 na 20, kwa sababu pakiti ina sigara 20. Walipowapa watu kompyuta ndogo za mkononi wabonyeze kila wanapowasha, ule mrundikano haukuonekana vile. Sisi tunaonunua mojamoja hatuna hata pakiti ya kutukumbusha.

Kuna na shangazi yangu wa Newala. Alikuja mjini, akaulizwa unavuta, akajibu sivuti mwanangu. Na kweli havuti. Ananusa ugoro tangu hajazaa. Angepimwa mate, kotinini ingejaa, na mtu angemwandika mwongo, bibi wa watu ambaye amejibu swali kama lilivyoulizwa.

Na ukisema basi maneno ya wagonjwa hayafai kitu, kumbuka sigara ilivyokamatwa. Watafiti Richard Doll na Austin Bradford Hill, mwaka 1950 kule Uingereza, walianza kwa kuwauliza wagonjwa hospitalini. Hawakuwa na kotinini. Wakachukua 50 kati ya waliohojiwa, wakawauliza tena baada ya miezi sita au zaidi waone kama majibu yanabaki yaleyale. Yalitofautiana kidogo, lakini yalifaa. Mwaka uliofuata wakawaandikia madaktari, wakajibu kama 40,000. Uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu ulionekana kwa maneno ya wavutaji wenyewe. Waliuliza kwa uangalifu, na hawakumzidishia mtu.

Kwa hiyo nakuomba uniulize hivi, mimi na wenzangu. Uliza ya kwanza naiwasha muda gani baada ya kuamka. Hilo hakuna asiyelijua, na kipimo cha Fagerström wa Sweden, cha kujua mtu amefungwa na nikotini kiasi gani, kinampa alama nyingi zaidi anayewasha ndani ya dakika 5. Mimi nawasha kabla sijanawa uso. Swali hilo lingenifichua miaka miwili iliyopita bila mimi kuhesabu chochote. Kisha niulize habari ya jana peke yake, tangu alfajiri: nilikuwa wapi, na nani, nani alitoa pakiti. Uliza nilizonunua, halafu uliza nilizogongea. Uliza ugoro na msokoto. Nikisema mbili tatu, usiandike. Nyamaza kidogo, uniangalie, nami nitaendelea kusema.

Nitakuja Lindi wiki ya pili ya Desemba, mzigo ukipungua. Sitaki nije kama rafiki tu, nataka nipange foleni nikae kwenye kiti chako kama wagonjwa wengine, maana nimechoka kukohoa usiku na Mama Zuhura halali. Daftari nitakuja nalo.

Leo, mpaka naandika hapa, saa kumi jioni, zimehamia 7. Nilizonunua ni 2.

Nisalimie wote nyumbani.

Wako,
Bakari