Kaka, hiyo gari yenye mkonga iwekee brida ndefu kabla ya masika

Kaka za siku nyingi, mzima lakini? Huku Arusha tupo, watoto wamerudi shule na kazi zinaenda. Picha za gari nimeziona, aisee umepata chuma, Land Cruiser 79 yenye injini ya dizeli ya 1HZ sio gari ya kubembeleza, na huo mkonga wa kuvutia hewa ya injini juu usawa wa paa wameufunga vizuri. Ila umesema mwezi wa tatu unaanza kupeleka wageni Natron kwa njia ya Engaruka, ndo nikaona nikuandikie kabisa kabla hujamalizia hela kwenye mataa na keria.

Mkonga unaokoa injini tu kaka. Difu, zile gia za katikati ya ekseli, hazina mkonga, giaboksi haina, transfa inayogawa nguvu mbele na nyuma haina, na hivyo ndo vinazama kwanza maana viko chini. Kila kimoja kina brida yake, kale kapumulio kadogo ambako mafundi wengi hawakagusi mpaka gari inauzwa. Difu ikipata moto hewa ya ndani inatanuka na inatokea hapo. Sasa chukulia umekimbiza gari toka Mto wa Mbu, jua kali, difu ina moto huwezi hata kuiwekea kiganja, mbele unakuta korongo limeshusha maji ya mlimani unaingia hivyo hivyo. Maji ya baridi yakigusa lile chuma hewa ya ndani inasinyaa ghafla, difu inaanza kuvuta, na itavuta chochote kilichopo: brida ikiwa chini ya maji inavuta maji, ikiwa imeziba inavuta kupitia sili za haabu za tairi na ya pinioni, ile gia ndogo inayoingiza nguvu kwenye difu. Gari itavuka vizuri tu na utaendelea na safari, na hapo ndo pabaya, maana hakuna taa itakayowaka kwenye dashibodi kukwambia difu imekunywa maji.

Juzi kati imeletwa gari gereji ya jirani inalia nyuma. Tumefungua nati ya kumwagia oili yakaanza kutoka maji matupu, maana maji ni mazito yanakaa chini, halafu ndo ikafuata oili yenyewe rangi ya chai ya maziwa. Kraunwili, ile gia kubwa ya ndani ya difu, imeshika kutu, beringi ya pinioni ukiizungusha na kidole unaisikia inakwaruza. Na gari ina mkonga kama wako.

Halafu usifikirie maji peke yake, kiangazi vumbi la kule chini ya Lengai ni laini mno, linagandia kwenye kifuniko cha brida mpaka hakinyanyuki tena, presha inajaa ndani na oili inasukuma sili inatokea kwenye brekishu. Watu wanabadilisha sili kila mara wakati kilichoziba ni brida.

Kufunga sio kazi kubwa. Osha kwanza juu ya ekseli uchafu usidondokee ndani, fungua brida ya zamani, nenda nayo kwa watu wa mipira ya haidroliki wakupe nipeli yenye nyuzi zile zile. Ile ya zamani ina valvu, usije ukachomeka mpira juu yake ukadhani umemaliza, itoe kabisa. Mpira chukua wa dizeli, tundu la ndani milimita 6 au 8. Usikubali ule wa plastiki wa kupimia levo ya ujenzi, ukipata joto unalegea unajikunja, hewa haipiti tena na umerudi kule kule. Upitishe sambamba na paipu ya breki mpaka kwenye chesisi, mbali na eksozi, uwe unapanda tu, usining'inie mahali oili ikajikusanya.

Kati ya ekseli na chesisi acha mpira wa kutosha, hapa wengi wanabana sana. Piga jeki chesisi mpaka tairi ining'inie, ingia chini uangalie: ukiona mpira umenyooka umekaza, ongeza, maana siku ukivuka korongo tairi moja ikiwa hewani utachomoka bila wewe kujua. Ncha ya juu ilete ndani ya boneti, juu kabisa karibu na kioo, ufunge kafilta ka petroli ka pikipiki. Usiuingize kwenye mkonga wenyewe, injini itakuwa inanyonya mvuke wa oili. ARB wa Australia wanauza seti yao nzuri tu, mipira inakutania kwenye kichwa kimoja, ila hata hii ya kuungaunga ikifungwa kwa makini inafanya kazi ile ile. Giaboksi na transfa chungulia kwanza, inawezekana tayari zina mpira wa kiwandani, angalia tu kama haujapasuka au kuchomoka. Ukimaliza puliza kwa mdomo ncha ya juu, hewa ipite bila kukaza mashavu.

Na ukishafunga usianze kuogelea nayo, Toyota wenyewe kwa Land Cruiser za 70, ndo familia ya hiyo 79 yako, wanataja kina cha milimita 700. Ukifika korongoni simama difu ipoe kidogo, mtu apime kwa miguu. Ukirudi safari yenye maji legeza nati ya chini udondoshe tone uangalie rangi.

Nitumie picha ya juu ya ekseli ya nyuma na mwaka wa gari, kesho kutwa napita Unga Limited nikutafutie nipeli. Shemeji msalimie sana.