Kabla ya kuusifu mfumo, msajilini Ng'wandu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenzangu watengenezaji wa programu, pamoja na wanaonunua kazi zetu: vyama vya akiba na mikopo, shule, zahanati na maduka. Siku hizi kijana anaiambia akili mnemba, "Nitengenezee mfumo wa kusajili wanachama na kupokea malipo ya simu," na chai haijapoa mfumo uko kwenye skrini. Furaha hiyo naielewa, wala siibezi. Kuchora fomu, kupanga ripoti ya kila mwezi, kuhamisha data kutoka jedwali moja kwenda jingine: kazi hizo za kuchosha mashine inazifanya vizuri.

Hamu ya kuiachia mashine iandike si ya jana. Mwaka 1957, timu ya John Backus katika kampuni ya IBM ilipotoa lugha ya programu iitwayo Fortran, mtaalamu aliandika kanuni ya hesabu kwa mstari mmoja na kompyuta ikazalisha yenyewe maelekezo yake. Lakini kompaila ya Fortran, yaani programu iliyofanya kazi hiyo, ilikuwa mfasiri. Ulichoandika ndicho ilichofasiri, na ukikosea sarufi ilikataa. Akili mnemba inakisia. Ulipokaa kimya inajaza yenyewe, kwa mazoea iliyoyaokota katika misimbo (maandishi ya programu) ya dunia nzima, ambayo mingi haikuandikwa kwa ajili ya Mwanza wala Kisumu.

Chukueni jina tu. Ritifaa, yaani alama ('), iliyomo katika Ng'wandu au Ng'ang'a ndiyo alama ileile ambayo SQL, lugha ya kanzidata (ghala la data la mfumo), huitumia kufungua na kufunga maneno. Msimbo ukilibandika jina moja kwa moja ndani ya amri ya SQL, ritifaa inafunga neno baada ya "Ng", herufi zinazobaki zinasomwa kama sehemu ya amri, na usajili unagoma. Mwenye mfumo akidhani ni hitilafu ndogo atamwambia karani aandike "Ngwandu" yaishe. Hayaishi. Mlango uliomkwamisha Ng'wandu ndio huohuo mwizi anaoupitishia amri ya kusoma au kufuta kanzidata nzima. Dawa yake ni kuandika amri yenye nafasi wazi, kisha jina lipelekwe peke yake kama data. Jina la mtu lisiguswe.

Hata hapo kazi haijaisha. Simu nyingine huandika ritifaa iliyopinda, kompyuta ikaandika iliyonyooka. Kwa jicho ni alama moja, kwa kanzidata ni herufi mbili tofauti. Mwanachama aliyesajiliwa kwa kompyuta akitafutwa kwa simu haonekani, basi anasajiliwa tena, na michango yake inagawanyika katika akaunti mbili. Ritifaa zote zigeuzwe kuwa za aina moja kabla ya kuhifadhi na kabla ya kutafuta.

Kwenye malipo madhara ni makubwa zaidi. Kampuni ya simu ikituma taarifa kwamba pesa imeingia, na seva yenu ikachelewa kujibu, taarifa ileile yaweza kutumwa tena. Msimbo wa harakaharaka unaongeza salio kila taarifa inapofika, na mwanachama aliyelipa 20,000 anaandikiwa 40,000. Siku ya kumwonyesha mteja mfumo kosa hilo halionekani, kwa kuwa siku hiyo mtandao haukusumbua. Nambari ya muamala iwekewe sharti la kutojirudia ndani ya kanzidata yenyewe. Kuiandika nambari na kuongeza salio kuwe hatua moja, kimoja kikishindikana vyote vifutwe. Kuuliza kwanza kama nambari ipo, ndipo uandike, hakutoshi: taarifa mbili zikifika kwa pamoja, zote zaweza kujibiwa "haipo".

Kwenye kodi, bei ikiwa 11,800 na ndani yake mna VAT ya asilimia 18, gawanya kwa 1.18 upate 10,000, kodi ni 1,800. Msimbo unaozidisha 11,800 kwa 0.18 unatoa 2,124. Mstari huo unasomeka safi kabisa, ndiyo maana unapita.

Najua nitaambiwa kwamba ukaguzi huu unaua kasi. Mwaka 2025 taasisi ya METR ya Marekani iliwapima watengenezaji 16 wenye uzoefu, katika kazi 246 za miradi waliyoifahamu vizuri. Waliporuhusiwa kutumia akili mnemba walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19, na walipomaliza bado waliamini imewaharakisha kwa asilimia 20. Kwa mradi mpya na mdogo matokeo yanaweza kuwa mengine. Lakini mteja asipewe bei wala tarehe kwa kutegemea hisia ya kasi.

Wenzangu, andikeni majaribio ya kuupima msimbo kabla ya kuuomba, na yaandikwe na mtu. Mashine iliyokosea msimbo, ikitunga na jaribio lake, yaweza kulipitisha kosa lilelile. Ombeni kipande kidogo mnachoweza kukisoma chote kwa mkao mmoja. Maktaba, yaani msimbo ulioandikwa na wengine ili utumike tena, kama hamuijui itafuteni kwanza kwenye hazina yake rasmi, mwone nani anaitunza na tangu lini, kwa sababu akili mnemba hubuni majina ya maktaba zisizokuwapo, na mhalifu anaweza kulisajili jina hilo na kuweka ndani yake programu ya wizi.

Nanyi wanunuzi, kabla ya kulipa awamu ya mwisho, kaeni na mtengenezaji mezani. Msajilini Ng'wandu kwa simu, mmtafute kwa kompyuta. Taarifa moja ya malipo itumwe mara mbili, salio litazamwe. Kisha afungue msimbo na kueleza kila mstari unaogusa salio unafanya nini. Akishindwa kuueleza, awamu hiyo isitoke.

Mtengenezaji wa programu,
Dar es Salaam