Barua kwa Mwanangu: Mfumaji wa Paisley na Mkewe

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako na picha za kurasa za sensa zimenifikia hapa Tanga, nami nimezisoma kwa makini, maana kizazi cha mfumaji huyo wa Paisley, mji wa Scotland, ndicho kizazi cha mjukuu wangu kwa upande wa baba yake.

Nimeona umeshikilia sensa ya 1841 na imekukwamisha. Sensa ile, iliyohesabu watu waliolala nyumbani usiku wa tarehe 6 Juni, iliwaagiza makarani washushe umri wa kila aliyepita miaka 15 hadi kwenye tano iliyo chini yake, hivyo mtu wa miaka 44 akaandikwa 40. Haikuuliza nani ni mtoto wa nani, wala mtu alizaliwa kijiji gani, ila tu kama alizaliwa ndani ya kaunti ileile. Zile herufi H.L.W. zilizokutatiza zinamaanisha kwamba mtu huyo alifuma kwa kitanda cha mfumi cha mkono.

Ya 1851 ndiyo itakayokufaa, kwani inataja uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya pamoja na parokia aliyozaliwa. Tazama tena ukurasa ule: baba anafuma shali, mkewe na binti yao mdogo wanamzungushia uzi wa mshindio kwenye vijiti, na majirani juu na chini ni hivyo hivyo. Karani aliandika mtu mmoja mmoja, lakini kazi ilikuwa ya nyumba nzima, na sidhani kitanda kile kingetoa shali hata moja bila mikono ya wanawake na watoto.

Sasa usimfuate mfumaji kwa jina lake peke yake. Waskoti wengi walimpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, kama tunavyorithisha sisi, kwa hiyo binamu watatu wa mji mmoja huweza kuwa na jina moja na kazi moja. Mshike mkewe. Kwa desturi ya Scotland mwanamke hakupoteza jina la kwao kwa kuolewa, kama vile kwetu anavyobaki binti wa baba yake hadi kaburini, na tangu tarehe 1 Januari 1855, usajili wa serikali ulipoanza, vyeti vya vizazi na vya vifo vina nafasi ya jina hilo. Cheti cha kifo hutaja wazazi wote wawili wa marehemu, kwa hiyo kikongwe aliyefariki baada ya mwaka huo anaweza kukufikisha kwa watu wa karne ya 18, ikiwa aliyetoa taarifa aliwajua. Vyeti vya vizazi vya mwaka 1855 wenyewe viliuliza mengi mno, hata umri wa wazazi na mahali walipozaliwa. Mzigo ulikuwa mkubwa, ukapunguzwa mwaka uliofuata.

Usishangae kutowakuta Paisley mwaka 1861. Kati ya 1841 na 1843 biashara ya shali ilianguka vibaya, wenye mali wakafilisika na maelfu wakaishi kwa msaada. Ikainuka tena, lakini kufikia miaka ya 1870 mitindo ya mavazi ilikuwa imeiacha shali nyuma. Wana wa wafumaji walikwenda Glasgow au ng'ambo, na mabinti wengi wakaingia viwanda vya nyuzi vya Coats na Clark pale pale mjini. Kwa hiyo mtafute binti yule mzungusha uzi katika sensa za 1861 na 1871, kwanza Paisley, kisha Glasgow, ukikumbuka kwamba huenda ameorodheshwa kwa jina la mumewe.

Kabla ya hapo, agiza cheti cha kifo cha mama yake, unitumie picha yake. Mwambie mkwe wangu awaulize shangazi zake jina la ukoo la bibi huyo wangali hai.

Mimi mama yako.