Kioo kimoja, simu mbili

Ndugu Mhariri,

Mjadala wa teknolojia ya wazi (ambayo yeyote anaweza kuitengenezea vipuri) na ya kufungwa (ambayo kampuni moja huidhibiti) huachiwa wasomi, ilhali kila siku uko mezani kwa mafundi simu wa Ngamiani.

Chukua iPhone 11. Badilisha kioo, hata kwa kioo halisi cha simu nyingine, True Tone (kioo kurekebisha rangi zake kulingana na mwanga uliopo) inapotea na onyo linatokea kwamba kioo hakijathibitishwa. Kioo kina chipu ndogo yenye data yake, na simu inakijua kioo ilichozaliwa nacho. Fundi husoma data ya kioo cha zamani kwa programa (kifaa cha kusoma na kuandika chipu) na kuiandika kwenye kipya. True Tone hurudi, onyo hubaki. Kuliondoa, lazima chipu yenyewe ihamishwe kwa bloa (kifaa cha hewa ya moto), na moto ukizidi kidogo utepe wa kioo unaungua. Kwaheri kioo.

Kampuni ya kompyuta ya IBM ilifanya kinyume mwaka 1981: kompyuta ya vipuri vya sokoni, michoro ikachapishwa, BIOS pekee (programu inayoiwasha kompyuta) ikabaki na hakimiliki. Washindani wao Compaq wakaandika BIOS ya kwao bila kunakili, na mwaka 1983 wakaingia sokoni. IBM ikapoteza soko. Mnunuzi akapata vipuri vya bei nafuu.

Kampuni kulinda ubunifu wake si dhambi, na kufuli hizo za chipu humpunguzia mwizi soko la vipuri. Ila Tume ya Ushindani iwalazimishe wauzaji kutaja vipuri vilivyofungwa kabla mteja hajatoa hela.

Mafundi simu,
Ngamiani, Tanga