Barua kwa mwanangu aliyeko Lodwar

Zuhura mwanangu,

Hatujambo hapa Mombasa. Mamako anauliza kama ule mtandio mwepesi umefika.

Ulinicheka kwenye simu: "Baba, mimi mtoto wa pwani, joto la Turkana litanifanya nini?" Nami nilisema vivyo hivyo nilipopeleka lori huko mara ya kwanza. Joto letu ni la unyevu. Shati linaganda mgongoni, wajua umetota, watafuta maji. Huko hewa ni kavu na upepo haukomi, jasho hukauka kabla hujaliona. Wajiona mkavu, kumbe waisha. Mimi niliona michirizi myeupe ya chumvi shatini nikadhani ni vumbi.

Tulikuwa tukifunga turubai karibu na Lokichar, saa saba mchana. Kichwa kikaanza kunigonga. Nikamfokea taniboi wangu kwa fundo la kamba ambalo wala halikuwa na kosa. Wanijua, mimi si mtu wa kufoka (usimwulize mamako). Mara misuli ya miguu ikakaza, kichefuchefu kikanishika, na vinyweleo vikanisimama kama mtu wa baridi. Ngozi majimaji, ya baridi, kwenye jua lile! Yule kijana akanilaza chini ya mgunga, akaniinua miguu juu ya gunia, akanifunika shuka aliyoilowesha, akanipepea kwa kipande cha katoni huku akininywesha maji kidogo kidogo. Baada ya nusu saa nikaulizia chakula. Huo ulikuwa uchovu wa joto.

Asiyepata nafuu kwa nusu saa hiyo, au anayeanza kuongea ovyo, kuyumba kama mlevi au kuzirai, huo si uchovu wa joto tena. Ni kiharusi cha joto, nacho chaua. Mmwagieni maji mwili mzima huku mkimkimbiza hospitali, na kama hajitambui msimtie maji kinywani.

Tazama na mkojo wako. Najua, baba kumwandikia binti habari za mkojo! Ukiwa na rangi ya strungi, umechelewa kunywa. Wiki mbili hizi za mwanzo mwili bado haujazoea, kwa hiyo hayo mambo ya kupima viwanja yafanye alfajiri. Beba pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji ya kunywa. Zikikosekana: maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai, vijiko vyote visawazishwe juu, visiwe na kilima.

Basi nijibu kuhusu mtandio, mamako hanipi raha.

Babako