Barua kwa Mama, Ujiji

Köln, Ujerumani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima wa afya, na dagaa ulizonitumia nazipika kwa kipimo.

Umeniuliza uwajibu nini majirani wanaotaka kujua nasomea kazi gani. Wakisikia "saikolojia ya vyombo vya habari" wanadhani nitakuwa mtangazaji, au daktari wa vichaa. Kutibu wagonjwa kuna mafunzo yake, siyo haya. Mimi najifunza sauti ya redio au picha ya kwenye simu inamfanya nini mtu moyoni.

Unamkumbuka Mkwaju, yule dereva wa lori wa mchezo wa redio Twende na Wakati? Umenisimulia mlivyokuwa mkimlaani na kumhurumia mkewe Tunu, utadhani mnakaa nao mtaa mmoja. Mama, mchezo ule huku tunafundishwa darasani! Ulipoanza Redio Tanzania mwaka 1993, Dodoma hawakurushiwa hadi 1995, ili watafiti walinganishe. Waliousikia waliingia kwenye uzazi wa mpango kwa wingi zaidi. Na ule ujirani na mtu usiyemwona, Donald Horton na Richard Wohl wa Marekani walikwisha kuueleza mwaka 1956.

Kuhusu kazi, usihofu. Wenzangu waliotangulia wengine wako kwenye kampuni za programu za simu, wengine wanaandaa vipindi vya watoto au kampeni za afya, wengine wamebaki vyuoni. Sikufichi, tangazo la kazi lenye jina la somo letu ni nadra. Inabidi mtu ajieleze.

Ila mimi moyo wangu uko ziwani. Usiku ule baba mdogo alipokuwa anafuta kioo cha karabai, redio ilitangaza upepo mkali. Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Akasema, "Hao wako Dar, ziwa wanalijua wao?" akateremka mwaloni Kibirizi kuvua. Alirudi asubuhi bila wavu, mkono umevimba, na mwezi mzima hatukuwa na kitu. Habari aliisikia, mama, vizuri kabisa. Aliyeisema ndiye hakumwamini. Utafiti wangu wa mwisho nataka uwe juu ya jambo hilo, na nikimaliza nirudi kulifanyia kazi hapo hapo Kigoma.

Kwa hiyo naomba umuulize kwa upole, akiwa ameshakula: usiku ule angeisikia kwa sauti ya nani ndipo asingeshuka ziwani? Nirekodie jibu lake lote, hata akigomba.

Wako akupendaye,
Mwanao