Karani asichomoe waya kompyuta inapoganda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika katika mikoa ya Mtwara na Lindi, pamoja na makarani wao, kuhusu jambo linalopoteza kumbukumbu za wakulima wakati wa msimu wa korosho, nalo ni mazoea ya kuchomoa waya wa umeme ukutani pindi kompyuta inapoganda.

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Masasi. Mashine nyingi ninazoletewa kuanzia Oktoba huwa zimeumizwa na kile kilichofanywa muda mfupi baada ya kuganda. Kompyuta iliyoganda aghalabu bado inafanya kazi, ila imezidiwa: karani amefungua daftari la uzito, kurasa kadhaa za intaneti na barua ya mwenyekiti kwa wakati mmoja hadi RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ikajaa, au diski imechakaa na inasoma kwa kusuasua, au programu ya kukinga virusi imeanza kukagua flashi iliyochomekwa hivi punde. Ikiachwa dakika tano hadi kumi bila kuguswa, mara nyingi hurejea yenyewe. Waya ukichomolewa wakati diski inaandika, faili lililokuwa wazi huweza kubaki nusu, na kesho yake likakataa kabisa kufunguka.

Niliwahi kuitwa katika chama kimoja, ambacho sitakitaja, nikakuta wakulima wamekaa juu ya magunia yao barazani huku karani akibofya mausi kwa pupa, na kila bofyo likiiongezea mashine kazi nyingine ya kusubiri zamu. Kiongozi aliyesimama nyuma yake akaamuru mashine izimwe kwa kuwa watu wamechoka kungoja. Kabla sijaweka begi chini, waya ulikuwa mkononi. Kilo zilizoingizwa tangu asubuhi zikalazimika kuandikwa upya kutoka kwenye nakala za stakabadhi, na wenye magunia wakangoja hadi jioni. Karani yule simlaumu, kwa maana hakuna aliyewahi kumfundisha njia nyingine, na aliyempa amri ndiye anayemwajiri.

Njia nyingine ipo na haihitaji fundi. Kwanza karani aondoe mkono kwenye mausi, kisha abonyeze Caps Lock, kitufe cha herufi kubwa. Taa ya kitufe hicho ikiwaka au ikizimika kila anapokibonyeza, mashine bado inasikia, hivyo asubiri. Subira ikishindwa, kwa kompyuta za Windows abonyeze kwa pamoja Ctrl, Shift na Esc, litokee dirisha linaloorodhesha programu zinazoendeshwa, aifunge ile moja tu iliyokwama na kuziacha nyingine salama. Yaliyokuwa hayajahifadhiwa ndani ya programu hiyo huenda yakapotea, ndiyo maana nasisitiza kungoja kwanza. Dirisha hilo lisipotokea, ajaribu Ctrl, Alt na Delete, mbinu iliyobuniwa na mhandisi David Bradley wa IBM wakati kampuni hiyo ikitengeneza kompyuta yake binafsi ya mwaka 1981. Enzi hizo vitufe hivyo viliiwasha mashine upya papo hapo. Siku hizi huleta skrini yenye machaguo, likiwemo la kuwasha upya kwa utaratibu. Kushikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa mpaka mashine izimike ni hatua ya mwisho kabisa, kwa sababu hatari yake kwa faili ni ile ile ya kuchomoa waya.

Word na Excel zina mpangilio wa kujihifadhia nakala ya dharura, ambao kwa kawaida huja umewekwa kila dakika 10. Mimi huupunguza hadi dakika 2 katika kila mashine ya chama ninayoishika.

Liko pia suala la mahali kompyuta inapowekwa. Katika vyama kadhaa nimekuta meza ya karani imepangwa chumba kimoja na mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho. Feni ya kompyuta huvuta hewa ya chumba, na unga ule ukiingia ndani pamoja na unyevunyevu wa hewa hula shaba ya sakiti taratibu. Juu yake likikaa vumbi la magunia, joto halipati pa kutokea na mashine hupunguza kasi au hukwama. Nimefungua makasha ambayo mapezi ya kupozea hayaonekani kwa unga wa manjano. Salfa ina ghala lake.

Ninachoomba kwa viongozi ni vitu viwili kabla mizani haijafunguliwa. Chama kinunue UPS, kile kisanduku chenye betri kinachompa karani dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima vizuri umeme unapokatika. Kisha wakubaliane kwa maandishi kwamba mashine ikiganda, karani ana ruhusa ya kuiacha bila kuigusa kwa dakika kumi bila kufokewa na mtu yeyote, awe mkulima au mwenyekiti, na katika muda huo upimaji uendelee kwa kuandika kwenye daftari la mkono.

Fundi wa kompyuta,
Masasi, Mtwara.